Hodi Elfu Thelathini kwa Sekunde

Fundi wa seva za hospitali, ambaye wenzake walimwita Darubini kwa tabia ya kuchungulia kila kitu, alikuwa na bahati ya pekee: mkuu wake wa kazi alikuwa pia kaka wa mumewe. Neno aliloshindwa kumjibu ofisini kwa ajili ya cheo, nyumbani alishindwa kulijibu kwa ajili ya undugu.

Asubuhi hiyo programu ya majibu ya maabara ilikuwa inatambaa kama kinyonga mwenye mawazo. Mkurugenzi alishatoa amri: itengenezwe leo leo, na atakayeizima wakati madaktari wanaitumia, akatafute kazi kwingine.

"Tuweke strace," shemeji akasema, akivuta kiti.

"Hapana, shemeji. Tutumie perf."

Programu haifungui faili kwa mkono wake. Hupiga hodi kwa kiini cha mfumo, ifunguliwe. Wote wawili walitaka kujua ni hodi ipi inayoichosha. Ila kati ya vyombo hivyo viwili vya kuchunguza programu, strace ni bawabu mwenye kisirani: humsimamisha kila mgeni, humuuliza jina, huandika, ndipo amwachie. Perf hukaa pembeni ikahesabu vichwa.

"Hodi ni maelfu kwa sekunde," Darubini akasema. "Ukisimamisha kila moja, tunaiua."

"Hiyo strace nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi leo umehitimu, mimi nifunge shule?"

"Tuhesabu sekunde kumi tu. Tukikosa jibu, lete bawabu wako."

"Sogea."

Nywila ya shemeji ilikuwa imekwisha muda tangu wiki iliyopita, na kumwomba mtu wa chini yake amfufulie aliona haya. Kwa hiyo akaandika kwenye kibodi ya Darubini, ndani ya akaunti ya Darubini. Naye Darubini akasogea. Ndilo kosa alilolijutia baadaye: alisogea.

Mistari ikamwagika kwenye skrini kama mchele wa gunia lililotoboka. Kabla ya dakika kwisha, simu za wodini zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Shemeji akamwondoa bawabu, lakini programu ilikwishalemewa. Ikabidi izimwe na kuwashwa upya. Dakika arobaini hakuna daktari aliyeona jibu la damu.

Iliporudi, Darubini aliweka perf sekunde kumi. Hakuna aliyehisi kitu. Jibu hili hapa: programu ilikuwa inafungua faili moja ile ile ya mipangilio mara elfu thelathini kwa sekunde. Sehemu hiyo aliiandika shemeji mwenyewe, mwaka juzi.

"Nitairekebisha mimi," shemeji akanong'ona.

Mchana, kikaoni, mkurugenzi alikuwa na kumbukumbu za seva mkononi.

"Komandi iliyoizima imetoka akaunti ya nani?"

"Yangu," Darubini akasema. "Lakini vidole si vyangu. Shemeji, si useme?"

Shemeji akaitazama feni, kama vile ndiyo iliyoulizwa.

"Vijana wana haraka," akasema. "Nilimshauri atumie perf. Hata tatizo lenyewe, tumelipata kwa perf."

Darubini hakufukuzwa. Shemeji alimwombea, kwa huruma zake, akapelekwa chumba cha printa, kufukuzana na karatasi zilizokwama. Nyumbani mumewe akamwambia, "Mshukuru kaka. Kakuokoa."

Wiki ya pili shemeji akaingia chumba cha printa na daftari, akafunga mlango.

"Programu ya dawa nayo inasuasua. Ile perf... inaandikwaje ili ihesabu tu?"

Darubini aliitoa kwanza karatasi iliyokwama. Akalichukua daftari, akaandika komandi nzima, herufi kwa herufi, bila kukosea.

"Chukua. Wagonjwa hawajanikosea."

"Wewe ni mtu mwema, shemeji. Jumapili nitapita nyumbani."

"Kwa mdogo wako? Karibu," Darubini akasema, akivuta karatasi nyingine iliyokwama. "Ila chai utajimiminia mwenyewe."