Hawamo Kwenye Hesabu

Kiti cha kwanza kilimpata ndugu yangu mdomoni. Cha pili kilimpata juu ya sikio, na hicho ndicho kilichomlaza chini. Vilikuwa viti vya chuma, vile vya kukunja, ambavyo sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tumevipanga wenyewe asubuhi tukidhani watu watavikalia.

Mimi ni Kendi. Ni muuguzi Parramatta, hapa Sydney, na hakuna aliyewahi kunisifu kwa upole. Mwiti alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mhandisi, na kazi yake ilikuwa kukadiria hatari. Kampuni yao ilipewa kazi ya kupima uwezekano wa ndege kuangukia mtambo wa umeme wa nyuklia ambao watu fulani wanataka kuujenga magharibi ya Sydney, karibu na uwanja wa ndege. Unachukua idadi ya ndege zinazopita, unazidisha kwa kiwango cha ndege za aina hiyo kuanguka, halafu kwa ukubwa wa eneo la mtambo. Mwiti aliweza kukueleza haya hata harusini, na aliwahi kufanya hivyo, bibi harusi akipiga miayo.

Wakubwa wake walimtuma azungumze na Waafrika wa mtaa wetu wa Guildford kwa Kiswahili, Jumapili baada ya ibada. Kanisa letu ni la Wakongo wengi na sisi Wakenya wachache tunaojiona. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mmoja alipouliza kama hizo ndege haziwezi kweli kuanguka. Mwiti akataka kumtuliza, na akataka watu wacheke.

"Mama, usijali," akasema. "Hizi si zile ndege za Congo, yale majeneza yenye mabawa. Ajali za huko hatukuzihesabu hata moja. Tumechukua nchi zenye safety standards kama za hapa."

Upande wa Wakenya ulicheka. Na hesabu yenyewe haikuwa na kosa, nawaambia hilo kabla hamjamhukumu. Huwezi kupima barabara ya lami kwa ajali za barabara ya matope. Lakini kuna ukweli ambao humwambii mtu usoni, kwa lugha anayoombolezea, huku unatabasamu.

Venant akasimama. Ni mtu wa Kivu, anafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, mkimya, ambaye kwa miaka yote niliyomjua kanisani sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya amina.

"Minauliza tu," akasema. "Kule kwetu ndege ya mizigo ilishindwa kupanda, ikaingia ku soko. Bawa ilikata batu kama majani. Mafuta ikatiririka ku mifereji, na moto ikafuata. Batu balikimbia banawaka. Bibi yangu Chibalonza, mama ya batoto bangu, nilimukuta na mtoto wetu angali ku mgongo. Hatukuweza kubatenganisha. Tulibazika vile." Akainyoshea kidole picha ya mtambo ambayo projekta ya Mwiti ilikuwa inaimulika ukutani. "Bale batu ba soko, weye mulibaweka wapi?"

Mwiti angeweza kusema pole. Angeweza kunyamaza. Lakini mdogo wangu hakujua kudanganya juu ya kazi yake, na pia alikuwa ameshtuka.

"Hawamo, mzee," akasema. "Hawamo kwenye hesabu."

Hapo ndipo viti viliporuka kutoka mikononi mwa Venant.

Wanaume wetu walimrukia Venant wanne kwa mpigo. Walimpiga mateke ya mbavu na ya uso, nikasikia kidole chake kikivunjika chini ya kisigino cha mtu, na mimi nilimpiga mgongoni kwa kifuniko cha sufuria mpaka kikapinda. Naye hakuacha kwenda mbele. Alikuwa akitambaa kumfuata Mwiti, damu ikimtoka nyusini. Damu ilikuwa sakafuni, ilikuwa kwenye ukuta mweupe ambako picha ya mtambo ilikuwa bado inaonekana, na watoto walikuwa wakilia chini ya meza.

"Fungeni mlango!" Pasta Anicet akapaza sauti. "Hakuna kupiga simu. Tunafanya barza."

Kwa hawa Wakongo barza ni kikao cha kupatanisha. Aliyekosa na aliyekosewa wanakaa katikati ya watu, wanasema yote, wanakunywa kikombe kimoja, na hakuna anayetoka mpaka maneno yaishe. Simu zote zinawekwa kapuni ili mtu asije akarekodi. Imezuia watu kuuana kule kwao, siibezi. Rufus, mzee wa kanisa, akapitisha kapu, na kwa uchungu nilionao leo nasema kwamba nami niliitoa yangu, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua kinachomngoja Venant. Hajapata uraia. Akifungwa jela kwa kupiga mtu, viza inafutwa, na anarudishwa alikotoka. Binti yake Gloire ana miaka kumi na mitano na hana mwingine duniani.

Mwiti naye aliitaka barza. Alikuwa amezimia kidogo, akaamka, akaketi akishika mdomo uliopasuka.

"Report ikiandikwa, Sis, mimi kwisha. Client atasema nilileta vurugu."

"Utakwenda hospitali sasa hivi," nikamwambia. "Mtu akipigwa kichwa, akazimia, akaamka, hapo ndipo pa kuogopa. Anaweza kuongea vizuri kabisa huku damu inajaa ndani ya fuvu. Nimewaona."

Akanicheka kwa ile midomo yake iliyovimba. "Wangapi kati ya wangapi? Wacha drama. Chances ni ndogo sana. Hii si ndiyo kazi yangu?"

Basi wakafanya barza yao. Venant akapiga magoti, mkono wenye kidole kilichovunjika ukining'inia. "Nilikosa," akasema. "Moyo ilinitoka." Mwiti akamshika bega, akamwambia, "Mzee, yameisha. Mimi ndiye nilianza. Nisamehe." Nawaapia alimaanisha. Wakaletewa chai, Mwiti akanywa kwanza, akaacha damu kwenye ukingo wa kikombe, na Venant akanywa palepale penye damu. Akina mama wakaanza kuimba.

Mwiti akatapika juu ya tai yake.

Nikamshika kidevu nikamtazama. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka mpaka rangi ya jicho ikatoweka. Nikalifuata kapu. Rufus akalikumbatia, akaniambia, "Mama, tumalize kwanza na maombi." Nikamuuma mkono. Sikuuma kidogo, niliuma mpaka damu yake ikaniingia kinywani. Akanipiga ngumi ya kifua, nikaangukia meza ya chai, birika kubwa likamwagika, na maji ya moto yakaniunguza paja. Kapu likapinduka, simu zikatawanyika sakafuni.

Nyuma yangu visigino vya Mwiti vilianza kugonga sakafu.

Nilimrukia ndugu yangu, nikamlaza ubavu, nikavuta taya lake mbele ili hewa ipite. Nikapiga kelele mtu apige simu. Walikuwa zaidi ya arobaini mle ndani, na simu zilikuwa miguuni mwao. Pasta alikuwa akikemea pepo. Wakenya wetu, wale mashujaa wa mateke, walikuwa wakitazamana, kila mmoja akikumbuka mguu wake ulikuwa wapi.

Venant akainama akaokota simu kwa mkono mzima.

Gloire aliona kabla yetu sote. "Dad, no. Dad, put it down! They'll send you back!" Akamrukia mkono, akamkwaruza, akamning'inia shingoni. "Let someone else do it! Anyone! Why does it have to be you?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeyote kati yao angeweza. Venant akamsukuma, mara ya kwanza labda maishani mwake, na msichana akaanguka kwenye viti.

"Ambulance," akasema kwa Kiingereza chake cha ghalani. "Guildford, the church hall near the station. I hit one man in the head. He is dying. Yes, me. I hit him. I am here, I don't go. Come quick."

Wakamuuliza jina. Akalitaja herufi moja moja, polepole, wasije wakakosea. Kisha akaenda akaufungua mlango.

Polisi ndio waliotangulia. Venant alinyoosha mikono, lakini walimbwaga hata hivyo, mmoja akamweka goti mgongoni, uso wake ukiwa ndani ya chai iliyomwagika, na kile kidole kilichovunjika wakakipinda pamoja na vingine kwenye pingu. Hakulia. Aliyelia ni Gloire, na sauti ile ningependa kuisahau.

Walimfungua Mwiti fuvu usiku uleule. Alikufa Jumanne bila kuamka. Daktari aliniambia kwa upole kwamba kama angefika mapema kidogo... Mimi ni muuguzi, sikuhitaji amalizie.

Alhamisi afisa wa upelelezi alikuja nyumbani kuchukua maelezo. Pasta Anicet alikuwa amenipigia simu kabla yake, akitaka niseme tu kwamba walisameheana, na habari ya mlango niiache. Nilimkatia.

Afisa akauliza nani alimpiga ndugu yangu. Nikasema Venant, mara mbili, kwa kiti. Akauliza waliompiga Venant. Nikawataja wanne, nikajitaja na mimi na kifuniko changu. Akauliza nani alifunga mlango na nani alishika simu. Nikataja majina, na sikumwacha mtu hata mmoja. Akashukuru, akasema anadhani amepata anachohitaji, akafunga daftari lake.

Namchukia Venant. Nalala nikimchukia na naamka nikimchukia, na Mungu ananijua, pale kwenye kochi nilitamani sana kulinyamazia jambo moja ambalo lingemfaa. Yule afisa alikuwa ameshasimama.

"Sit down," nikamwambia. "You haven't asked me who called."