Watahiniwa Watatu na Mlango wa Kambala

Miezi minne mizima Mama Olga alikuwa akitafuta mhasibu. Shirika lake, Urithi Salama, lilikuwa na makao makuu huko Ulaya na kazi yake ilikuwa kulinda vitu vya zamani: majumba, ngoma, vinyago, picha za watu wa kale. Kisangani lilikuwa na ofisi moja tu, nyumba ya matofali karibu na mto, na mkuu wa ofisi alikuwa yeye Olga. Ngoma iliyotoka Banalia aliitambua kwa mlio peke yake, lakini akifungua faili la hesabu kichwa kilianza kumgonga hapo hapo.

Makao makuu walikuwa wamemwandikia mara tatu. Kama mwezi utakwisha bila mhasibu, ofisi itafungwa kwa muda. Ndiyo maana Ijumaa ile alivaa kikwembe chake cha heshima, akafika mapema, akapanga meza tatu katika chumba kikubwa, na juu ya kila meza akaweka karatasi ya mtihani na kalamu.

Waombaji walikuwa mia moja na kumi na wawili. Baada ya mchujo walibaki watatu. Wa kwanza alikuwa Israël, kijana wa tai nyekundu, aliyekuja na mfuko wa plastiki uliojaa vyeti, hata cha ubatizo kikiwemo. Wa pili alikuwa Mumbere, mtu mrefu wa mabega mapana, mzaliwa wa Butembo, aliyeshika hesabu za depo, ghala la bidhaa la shemeji yake. Wa tatu alikuwa Hadidja, mama wa makamo kutoka Kindu, mkaaji wa mtaa wa Mangobo pale mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyu alikaa, akapindua karatasi ya mtihani, akaanza kusoma upande wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa jina la duka lililouza karatasi.

Kumsaidia Olga kuuliza maswali alikuwepo Papa Ignace, mwalimu wa historia aliyestaafu. Papa Ignace aliipenda nyumba ile, na katika nyumba nzima aliupenda zaidi mlango wa chumba kikubwa. Ulikuwa wa mbao ya kambala, mzito, mweusi kwa umri, na katika daftari la urithi uliandikwa nambari kumi na nne. Kila Jumamosi alisugua kitasa chake kwa ndimu na kitambaa, na kila mwanafunzi aliyekuja kutembea aliambiwa kwamba kitasa hicho kilipanda mto kwa meli ya moshi pamoja na mapadri. Sheria ya shirika juu ya vitu vya daftari ilikuwa kali: hakuna nyundo, hakuna msumari, hakuna hata tone la mafuta, bila barua ya makao makuu.

Mtihani ulikuwa haujafika swali la tatu wakati upepo wa mvua ulipoanza kupeperusha karatasi. Israël, kwa kutaka kuonekana mtu wa msaada, aliruka kwenda kufunga mlango. Aliusukuma kwa nguvu zote. Ukafunga kwa kishindo, kitasa kikalia *kwach*, na mkono wa kufungulia ukabaki katika kiganja chake kama mguu wa kuku.

"Madame," alisema polepole, "nafikiri hii si yangu."

Walijaribu kwa kidole. Walijaribu kwa kalamu. Walijaribu kwa ufunguo wa nyumba ya Mumbere, ukapinda. Madirisha yalikuwa na vyuma, navyo vyuma vilikuwa katika daftari, nambari kumi na tano hadi ishirini.

Mumbere akavua koti. "Bon. Musimame pembeni. Mi navunja."

Kabla hajainua mguu, Papa Ignace alikuwa amekwisha kujibandika mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa. "Utavunja mimi kwanza! Hii mulango iko na umri ya bibi ya bibi yako!"

"Papa, bibi ya bibi yangu hakufungiaka watu."

"Basi, basi," Olga aliwatuliza. Mbele ya macho yake aliona barua ya nne ya makao makuu, hii ikiwa na neno mlango ndani yake. Akatoa simu, akawaandikia makao makuu ujumbe: tumefungiwa ndani, watu watano, naomba ruhusa ya kufungua nambari kumi na nne.

Bibi wa makao makuu alijibu upesi na kwa upole mwingi. Alisikitika sana. Aliomba mambo mawili tu: picha za mlango pande zote mbili, na proforma tatu, yaani karatasi za makadirio ya bei, za mafundi watatu mbalimbali. Hapo angepeleka ombi mbele ya kamati.

"Pande zote mbili," Olga alirudia, akiutazama upande mmoja.

Bahati nzuri, pale nje kwenye baraza alikuwa amejikinga mvua Chancelle, muuza mikate ambaye kila siku hukaa langoni. Olga alimwita dirishani, akampitishia simu kati ya vyuma, akamweleza mambo. Chancelle aliusukuma mlango kwa nje, ukakataa, lakini habari ya picha ilimfurahisha. Akapiga picha moja, akaitazama, hakuridhika. Akapiga nyingine, amejipanga mbele ya mlango na beseni lake la mikate kichwani, anacheka meno yote. Hiyo ndiyo aliyoituma.

Jibu lilikuja: *Asante sana. Je, huyo mama yuko katika daftari?*

"Unamwambia niko," Chancelle alisema baada ya kusomewa. "Kama kule wanalipaka mutu wa daftari."

Fundi wa kwanza aliyepatikana alikuwa Hemedi, seremala, aliyefika juu ya toleka, amekaa nyuma ya baiskeli na mfuko wa vyombo mapajani, amelowa chapachapa. Aliutazama mlango, akasema kazi hiyo ni ya dakika mbili. Olga akamwambia kwamba dakika mbili anazo, lakini zinatakiwa proforma tatu.

"Tatu? Mulango iko moja."

"Ya mafundi watatu, Papa Hemedi."

Hemedi alifikiri. Akapanda tena toleka. Baada ya nusu saa alirudi, akapitisha dirishani karatasi tatu: moja ya Atelier Hemedi, moja ya Menuiserie Vision Mpya, moja ya Établissement Tumaini. Olga alikaribia kumbusu. Israël aliona nafasi ya kurudisha heshima yake, akazipanga vizuri mezani na kusema, "Madame, dosari haiko. Zote tatu ziko na muhuri."

Hadidja alisogeza miwani yake. Alizisoma zote, mbele na nyuma. Kisha akaenda dirishani.

"Papa Hemedi, hawa mafundi watatu walisoma kwa mwalimu moja?"

"Kwa nini, mama?"

"Wote wanaandika *serire*. Kitasa, kwa Kifaransa, wanaandika *serrure*. Na mafuta ya samaki iko fasi moja, kwa kona ya kuume, kwa karatasi zote."

Hemedi alikuna shingo. "Mama, ile Vision Mpya ni mimi siku ya Jumatatu."

Mumbere alipiga meza. "Alors, iko nini? Makaratasi ndiyo haya! Tupige picha, tutume, tutoke! Mi nataka kwenda choo!"

Kwa kutajwa choo, kilichokuwa uani, Papa Ignace, ambaye bado alikuwa golikipa, alifumba macho na kukutanisha magoti.

Olga alisimama na simu mkononi. Angetuma, nani angejua? Bibi wa makao makuu hakuwahi kula samaki wa Kisangani, doa lile angelidhani wino. Lakini Hadidja alikuwa akimtazama, bila ukali wowote, na Olga akajikuta anaona haya mbele ya mtu aliyekuja kumwomba kazi.

"Tutafanya namna gani, Mama Hadidja?"

"Ile daftari ya urithi iko wapi?"

Ilikuwa mle mle chumbani, kabatini, kitabu kinene kuliko Biblia ya kanisa. Olga alikuwa akikifungua kurasa za kwanza tu, zenye picha. Hadidja aliketi, akakianzia nyuma. Mvua ilipiga mabati. Israël alihesabu vyeti vyake. Chancelle aliwapitishia mikate dirishani, mmoja mmoja, kwa bei iliyokuwa ikipanda. Robo saa ilipita, nusu saa ikapita, na miguu ya Papa Ignace ikaanza kucheza peke yake.

"Voilà," Hadidja alisema. "Nyongeza ya tatu, maandishi madogo. *Nambari kumi na nne: ubao wa mlango na fremu yake. Kitasa hakimo. Kilibadilishwa na mpangaji, kilinunuliwa sokoni.*"

Israël aliacha kuhesabu vyeti.

"Donc," aliendelea, "mulango ni urithi. Kitasa ni kitasa tu. Ni matengenezo ya kawaida ya nyumba, na kwa matengenezo madogo sheria ya shirika inaomba fundi moja. Iko kwa swali la pili ya mtihani, munatuuliza wenyewe."

"Uongo!" Papa Ignace aligeuka, akapiga magoti, akainamia kitasa chake. Alisugua kwa kidole, akasogeza jicho, akasugua tena. Chini ya miaka yote ile ya ndimu zilikuwa zimejitokeza herufi ndogo, safi kabisa, za Kichina.

"Mapadri," alinong'ona. "Pengine... walipitia kule."

Mumbere alicheka mpaka akakaa chini. Olga aliuma midomo, akatazama dari, lakini alipomwona Papa Ignace mwenyewe anatikisika mabega, naye akaachia kicheko. "Hemedi!" aliita. "Vunja kitasa! Mbao usiguse!"

Haikuchukua dakika mbili. Mlango ulifunguka, na wa kwanza kutoka alikuwa golikipa wake, akikimbia chini ya mvua kwa mwendo ambao hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuuona.

Waliporudi wote kutoka uani, Israël alikumbusha, kwa haki yake, kwamba mahojiano hayajafanyika. Olga akawaketisha barazani kwenye benchi la Chancelle, akawauliza wote swali moja: kwa nini unataka kazi hii?

Israël alizungumza dakika kumi juu ya ndoto zake, na ndoto zenyewe zilikuwa nzuri. Mumbere alisema, "Mama, mi sitaki tena. Nyumba ambayo mutu anaomba ruhusa ya kutoka, hapana." Akamshika Hemedi mkono, wakaondoka wakizungumza habari ya biashara ya mbao.

Hadidja alifikiri kidogo. "Pale niko sasa, nasomaka makaratasi yote, na nikiwaambia kitu, wananiambia mama, unasumbua. Nilitaka fasi ambayo kusumbua ni kazi."

Papa Ignace alikuwa wa kwanza kuinua mkono kumkubali. Alikuwa bado na kinyongo kidogo, lakini alisema mtu aliyemnyang'anya mapadri wake bila kumcheka anafaa kuaminiwa.

Jumatatu Olga alimpigia simu kumwambia kazi ni yake. Hadidja alishukuru, akaomba kwanza atumiwe mkataba ausome. Aliusoma siku mbili. Siku ya tatu alirudisha kurasa saba za maswali, la kwanza likiuliza kwa nini likizo ya uzazi imeandikwa chini ya kichwa cha habari *Usafirishaji wa Vinyago*.

Olga aliyapeleka makao makuu jinsi yalivyo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miezi minne, alifunga faili la hesabu, akaliacha juu ya meza tupu ya mhasibu, na akaenda sokoni kununua samaki, akitembea kwa miguu na kucheka peke yake njiani hadi waendesha toleka wakamwuliza, "Mama, iko nini?"