Mama Sare Hapendi Kushona

Kwa miaka ishirini na saba, karibu kila mtoto wa mtaa ule alikwenda shule ndani ya nguo zilizoshonwa na mwanamke mmoja. Sketi za marinda, kaptura za kaki, mashati yenye kola ngumu za kukwaruza shingo. Watu wakamwita Mama Sare, na jina likamganda hata mumewe, dereva mstaafu wa lori, akawa analitumia akitaka kumchokoza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda kushona. Yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza. Mwaka ule mumewe alipovunjika mguu, watoto wakiwa bado wadogo, alirithi cherehani ya mama mkwe, akaketi, akakanyaga. Mtu aliye katikati ya mto haulizwi kama anapenda kuogelea.

Maudhi yalianza siku wanawe walipomletea zawadi. Binti mkubwa, muuguzi, na mdogo wake kitindamimba, muuzaji wa simu, walifika Jumapili moja wamebeba televisheni pana kama mlango wa kabati. Ile ya zamani ikashushwa mezani, ikageuziwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama, umetufanyia kazi maisha yako yote," binti alisema. "Sasa jioni ni zako. Ufanye unachokipenda."

Mama Sare alifurahi, wala si kwa kuigiza. Kitindamimba akaketi na rimoti. Kwenye skrini yakatokea maandishi makubwa: Chagua mapendeleo yako. Chini yake visanduku vimejipanga: michezo, sayansi, safari, wanyama, historia, muziki, na vingine tele. Mama Sare akavaa miwani, akavuta kiti karibu asome vizuri. Kabla hajafika mstari wa pili, kijana alikuwa ameshabonyeza mitindo, mapishi na tamthilia za familia.

"Tayari, Mama. Imeshakujua."

"Imenijua saa ngapi? Hata kusoma sijamaliza."

Wote wakacheka. Walidhani anatania.

Kisha binti akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya chuo cha jioni, kile kinachotumia madarasa ya shule ya msingi wanafunzi wakishaondoka. Nafasi yake ilikuwa imeshaandikishwa: Ushonaji wa Mitindo ya Kisasa, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, wiki kumi na mbili. Mama Sare aliisoma mara mbili. Akasema asante. Angesema nini tena, na binti anamwangalia kwa macho yale?

Wiki zilizofuata aligundua kwamba televisheni ile ina kichwa kigumu kuliko mumewe. Kila alipoiwasha ilimletea mashindano ya washonaji: vijana wenye mikasi ya kung'aa wakilia machozi kwa sababu ya zipu. Jioni moja alisinzia kikiendelea kipindi cha mashati. Kesho yake televisheni ikamwekea vingine vitano vya mashati, kama mwenyeji anayekujazia sahani kwa kuwa hukukataa ile ya kwanza.

"Natoka kushona, nakuja kuangalia watu wakishona," alilalamika. "Huu si ndio uchawi?"

"Basi lete rimoti tuangalie mpira," mumewe alijibu, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo.

Kitu kimoja tu alikipenda, nacho hakikuwa na kisanduku chake. Saa moja jioni mumewe alifungua taarifa ya habari. Pembeni chini ya skrini, ndani ya duara dogo kama kisahani, alisimama mkalimani wa lugha ya alama, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Mumewe alisikiliza habari. Mama Sare aliangalia mikono. Msomaji alipotaja mafuriko kwa sauti ile ile anayotajia matokeo ya mpira, yule wa kwenye duara alikunja uso mpaka ukaona maji yanaingia ndani ya nyumba za watu. Baada ya siku kadhaa Mama Sare alianza kutambua alama zinazojirudia. Kila mvua ilipotajwa, vidole vilishuka vikitetemeka. Naye alishusha vyake, pole pole, chini ya khanga iliyofunika magoti, asije akaulizwa.

Alikuwa na sababu. Dukani kwake alifanya kazi na mwanamke asiyesikia tangu utotoni, msemaji wa lugha ya alama. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kutia vifungo, na hakuna aliyeweza kunyoosha rinda kama yeye. Walikaa chumba kimoja miaka tisa, viti vyao havipishani hatua tatu, na katika miaka hiyo yote walikuwa na ishara tano kati yao: njoo, chukua, hapana, kula, kesho. Hata hiyo kesho mara nyingi waliielewa vibaya. Mpiga pasi hakukaa shule muda wa kutosha kusoma barua. Namba za vipimo tu ndizo walizoandikiana kwa chaki. Siku moja alifika kazini macho yamevimba, akapiga pasi huku analia hadi jioni. Mama Sare alimshika bega, akabaki amesimama hapo kama gogo. Hakujua mwenzake amefiwa, ameachwa, au anaumwa jino. Mpaka leo hajui.

Jumanne ya kwanza akaenda chuoni. Mwalimu wa ushonaji alikuwa kijana mwenye tepe ya kupimia shingoni. Alipomwona tu, akapiga makofi.

"Mama Sare! Mimi ulinishonea kaptura ya darasa la tatu! Jamani, leo tumepata bahati."

Bahati yenyewe ilikuwa hii: mwalimu alimfanya msaidizi wake. Wengine walipojifunza kunyoosha mshono, Mama Sare alizunguka kuwatungia uzi, kuwafumulia walipokosea, kuwaondolea nyuzi zilizojisokota kwenye mashine. Alitoka mle mgongo unamuuma, amefanya zamu ya pili ya siku ile ile. Jumanne ya pili wanafunzi walishaanza kumwita kabla hajavua koti. "Mama, uzi umekatika!" "Mama, njoo huku!"

Jumanne ya tatu alitoka nje kuvuta pumzi. Akapita chumba cha nne kwenye ujia ule ule, akaona taa inawaka lakini hakusikia sauti. Akachungulia kwenye kioo cha mlango. Watu kama kumi walikaa nusu duara, mbele yao mwanamume mwenye mvi, na wote mikono ilikuwa inakwenda. Mlangoni kimebandikwa kikaratasi: Lugha ya Alama, Jumanne.

Alisimama pale mpaka mtu akaja kumtafuta kwa ajili ya uzi.

Siku ya pili akaenda kwa karani wa usajili. Karani alikuwa bibi mmoja mwenye kalamu tatu nyweleni, na zote alizisahau hapo. Aliazima ya Mama Sare.

"Kubadilisha kozi kuna fomu," alisema. "Inatakiwa sahihi ya aliyekuandikisha, sahihi ya mwalimu unayemwacha, na sababu."

Mama Sare akachukua kalamu yake, akaandika kwenye nafasi ya sababu: Sipendi kushona.

Karani aliisoma, akainua macho, akaisoma tena. "Mama Sare, hii nitaipelekaje juu? Wewe?"

"Ipeleke hivyo hivyo."

"Subiri muhula ujao basi. Halafu, kusema kweli, lugha kwa umri huu... Samaki hukunjwa angali mbichi."

"Mimi sikuja kukunjwa, dada. Nimekuja kusoma."

Mwalimu wa ushonaji alitia sahihi kwa huzuni, akamsihi angalau awe anapita mwanzo wa kipindi. Ikabaki sahihi ya binti, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Binti alikuja nyumbani Alhamisi jioni, bado na viatu vyeupe vya wodini. Alisoma fomu akiwa amesimama. Alipofika kwenye sababu, akairudia kwa kidole.

"Mama, tulikaa tukafikiria sana kabla ya kuchagua ile kozi."

"Mlikaa wapi? Mbona mimi sikuwepo?"

"Tulitaka kukushtukiza."

"Mmenishtukiza kweli. Mmenipa likizo ya kwenda kazini."

Binti akaketi. "Kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa huipendi? Mimi najisifu kwa watu, mama yangu anapenda kazi yake, nimesomeshwa kwa cherehani. Kumbe ulikuwa unateseka mbele yetu?"

"Sikusema niliteseka."

"Umeandika hapa!"

"Nimeandika sipendi. Ninyi niliwapenda, mwanangu. Cherehani niliivumilia. Ni vitu viwili hivyo."

Binti akaanza kulia, kilio cha hasira cha mtu mzima, na Mama Sare naye akakasirika, maana hakuona kosa lake liko wapi. Alikuwa ameomba saa mbili kwa wiki, zake mwenyewe. Mumewe aliongeza sauti ya televisheni.

"Baba, na wewe sema kitu!" binti alimwambia.

"Angesema mapema," mzee alijibu bila kugeuka.

"Nani aliuliza?" Mama Sare akamgeukia. "Kuna mtu humu aliyewahi kuuliza?"

Binti akaondoka fomu ikiwa mezani, haijaguswa.

Wiki mbili zikapita hivyo. Jumanne zote mbili Mama Sare alitunga uzi. Kwa hasira sindano ikamchoma kidole, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu binti yake yuko shule ya msingi. Mara tatu alishika simu ampigie, mara tatu akaiweka chini. Kisha siku moja mchana binti akatokea dukani mwenyewe, hakusalimia kwa mapana yake ya kawaida, akaomba fomu, akaiweka juu ya kitambaa cha kaki akatia sahihi. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Bado sijaelewa," alisema.

"Najua. Kaa kidogo basi."

"Nina zamu." Akaenda.

Darasa la lugha ya alama lilikuwa limefika wiki ya sita. Mwalimu mwenye mvi hakuwa anasikia, na mkalimani aliyemsaidia alikuwepo wiki mbili za kwanza tu. Kwa hiyo Mama Sare aliingia kwenye ukimya kama mtu anayeingia baharini kwa kuteleza. Wenzake walishajua kujitambulisha, kuhesabu, kutaja siku na vyakula. Yeye alikuwa na ile mvua yake ya chini ya khanga, na hata hiyo mwalimu alimrekebisha. Vidole vyake vilikuwa vigumu; miaka ya kushika mkasi ilikuwa imekikunja kidole gumba, na sugu yake haikutaka kusikia habari za herufi za vidole. Mara moja alitaka kusema amechoka, akasema kitu kingine kabisa, darasa zima likatikisika kwa kicheko bila yeye kujua amesema nini. Alipouliza kwa kuandika ubaoni, mwalimu alifuta swali kwa adabu.

Alirudi nyumbani siku hiyo amenuna. Huku ndiko alikokuwa anagombania kuja? Lakini jioni iliyofuata alisimama mbele ya televisheni, akamfuata yule wa kwenye duara mkono kwa mkono. Habari zilipokwisha mumewe alihamia mpirani, naye akawa bado amesimama pale anarudia.

"Unanizibia goli!" mzee alipiga kelele.

"Goli utaonyeshwa mara kumi. Mimi hili nikilipoteza limepotea."

Wiki ya tisa alijiona yuko tayari. Asubuhi alifika dukani mapema, akamsubiri mpiga pasi. Mwenzake alipotundika mkoba, Mama Sare akasimama mbele yake, akainua mikono, akamwambia kwa alama: habari za asubuhi, umelalaje?

Mpiga pasi alitazama mikono ile. Akatazama uso. Akaketi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kunyunyizia maji. Mama Sare akataka kuudhika, lakini yule akasimama, akavishika vidole vyake, akaanza kuvikunja kimoja kimoja mahali vilipotakiwa kukaa, kwa nguvu, kama anavyokunja kola.

Halafu akaanza kusema. Mikono ilikwenda mbio, mabega, nyusi, miaka tisa yote kwa pamoja, na Mama Sare hakuambulia kitu. Polepole, aliomba. Polepole. Mwenzake akavuta pumzi, akaanza upya, neno kwa neno, kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga.

Chai, alisema. Akaonyesha kikombe ambacho Mama Sare alimwandalia kila siku saa nne. Sukari. Hapana. Akainua vidole tisa.

Mama Sare alihesabu vile vidole, akahesabu tena. Miaka tisa, vijiko vitatu vya sukari, kila siku ya kazi, tena kwa moyo mweupe.

"Kwa nini hukusema?" alitamka kwa sauti, kisha akakumbuka, akainua mikono. Mikono haikujua pa kuanzia.

Uso wa mpiga pasi ulimjibu kabla ya vidole. Nilisema. Hii ilikuwa mojawapo ya alama za wiki ya saba, na Mama Sare aliitambua bila kusaidiwa. Nilisema, nilisema, nilisema.

Angeweza kuomba radhi, na radhi alikuwa ameshajifunza. Lakini alikuwa na wiki nyingi za hasira ndani yake, akajikuta anabisha. Kikombe ulikuwa unamaliza! alisema, au alijaribu kusema. Mwenzake akarekebisha neno la kumaliza, halafu akalijibu. Mama Sare akamkatiza. Mpiga pasi akamshika mkono ili naye asikatizwe, akauachia, akaendelea, na safari hii akaongeza jambo kuhusu kiti, au labda ni dirisha.

Mwanamke aliyefuata suruali ya mwanawe alisimama mlangoni, akabisha hodi. Akagonga meza. Akagonga tena. Hakuna aliyegeuka.