Mashine ya Kukaribisha Wageni

Naishi peke yangu hapa Izimbya, na msinipe pole, nimezichoka. Tangu mke wangu Ephrasia afariki, nyumba imekuwa kimya mpaka najisikia nikitafuna. Ndiyo maana nikaunda mashine.

Ni birika kuukuu la shaba, mabomba niliyonunua dukani kwa Lalit mjini Bukoba, na magurudumu ya meno kutoka mashine mbovu ya kukoboa kahawa. Ukikoka moto, mvuke unasukuma mkono wa bati, nao unamnyooshea mgeni kikapu cha kahawa za kutafuna, kama desturi yetu inavyotaka. Majirani wanasema nimerukwa na akili. Waseme.

Nilimtumia picha binti yangu Annastella, mwalimu huko Muleba. Akanipigia simu akicheka.

"Tata, hiyo ni stimpanki!"

Akanieleza kuwa ni aina ya hadithi. Watu hubuni dunia ambayo umeme na petroli havikuupiku mvuke. Mpaka vyombo vya angani huenda kwa mvuke, kila kitu ni shaba na magurudumu ya meno, na mtu huvaa miwani ya fundi hata harusini.

"Ni ya zamani na ya kesho kwa pamoja," alisema.

Nikaipenda. Nilipenda zaidi kwamba tuliongea mpaka simu ikapata moto, jambo lililokuwa halijatokea tangu msiba.

Jumamosi akaja kuiona. Nilitaka kitu kimoja tu: alale nyumbani, walau usiku mmoja. Kitanda chake nilikitandika mwenyewe.

Alipoketi nikachochea moto. Mvuke ukafoka, magurudumu yakazunguka, mkono ukamnyooshea kikapu. Nilikaribia kupiga makofi. Yeye hakucheka. Kwetu mtoto wa nyumbani hakaribishwi kahawa. Hujichukulia mwenyewe.

"Tata, kwani mimi ni mgeni hapa?"

Ningeweza kusema ni mashine tu, haimjui mtu. Lakini hasira ilishanipanda.

"Umekuja mara moja tu tangu tumzike mama yako. Niambie wewe."

Moto ulikuwa ukipungua na ule mkono ukaanza kushuka. Kabla haujafika chini akachukua kahawa moja, kwa adabu zote, akasema asante.

"Gari la mwisho la kurudi Muleba linapita saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.