Kibao cha Tani Tatu

Banda la dada yangu Arlys lilishika moto saa kumi na moja jioni, mwezi wa Agosti, ng'ombe hamsini na wawili wakiwa wamefungwa ndani kwa minyororo wakingoja kukamuliwa. Tangi la gari letu la zimamoto lilikuwa limejaa maji. Lilisimama nusu maili kutoka pale, ng'ambo ya kijito, kwa sababu ya kibao darajani: TANI 3. Gari lilikuwa na uzito wa tani kumi na nane.

Aliyeshika usukani alikuwa Verlyn Tollefsrud. Kikosini sote ni watu wa kujitolea, na Verlyn amejitolea miaka ishirini. Pia ndiye mbunge wetu katika bunge la jimbo. Mwezi Machi uliletwa mswada wa kuongeza senti nne kwenye ushuru wa petroli ili madaraja ya vijijini yatengenezwe. Ulianguka kwa kura mbili. Verlyn alipiga kura ya hapana. Mwezi wa Mei wakaguzi wa madaraja wakaja, wakasimika kibao.

Simlaumu yeye peke yake. Kila Aprili kikosi huuza pankeki asubuhi ili kipate pesa za vifaa, na anayetaka kura huku lazima aje akaange. Mwaka wa uchaguzi tulimwekea Verlyn karatasi pale pale jikoni: hataunga mkono kodi mpya, hata iwe ya nini. Akasaini, mikono ina unga. Kalamu nilimpa mimi. Tukapiga makofi.

"Vuka!" nikampigia kelele kutoka kiti cha nyuma. Moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya paa, pale darini Arlys alipopanga nyasi kavu za ng'ombe.

Orrin Beck, mkuu wa kikosi, alikuwa ameshuka kuchungulia chini ya daraja. Akarudi anatikisa kichwa. "Chuma kimeoza. Ngumi yangu inapita."

"Juzi lori la maziwa limepita hapa!"

"Lilikuwa tupu, Merle, na dereva nusura ajinyee."

"Verlyn, vuka bwana! Dada yangu yuko peke yake kule!"

"Nina watu watano humu ndani."

"Sasa ndiyo umejua kuhesabu watu, mheshimiwa? Mwezi Machi ulikuwa unahesabu nini?"

Akanigeukia, uso mwekundu. "Nilifanya mlichoniandikia! Ulisimama mbele yangu na kalamu yako, ukacheka."

Orrin akapanda, akabamiza mlango. "Zungukeni kwa barabara kuu. Twende!"

Maili ishirini na mbili. Niliruka chini kabla gari halijageuka, nikavuka daraja kwa miguu, nikakimbia na yale mabuti mazito.

Arlys alikuwa ndani anafungua minyororo, mmoja mmoja, shingo kwa shingo. Ng'ombe walikuwa wanajitupa huku na huku, na mnyororo ukivutwa haufunguki mpaka umsukume mnyama mbele kwa bega.

"Gari liko wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Linazunguka."

"Linazunguka wapi, Merle? Nimeliona pale!"

"Daraja halilibebi."

Alinitazama mara moja tu. "Anza upande ule."

Nikaanza. Juu yetu nyasi zilikuwa zinanguruma, na makaa yakawa yanadondoka kupitia nyufa za mbao. Kati ya wale tuliowatoa, wawili wakageuka kurudi ndani. Nikawafukuza kwa sepetu. Boriti ya kwanza ikaanguka katikati ya banda. Nikamshika Arlys kiunoni kumvuta nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania mnyororo, na mnyororo ulikuwa umeshapata moto.

"Niache! Huyu amebaki kidogo tu!"

Sikumwacha. Tulipofika uani paa likashuka lote. Kelele za ndani ziliendelea kwa muda, kisha zikakoma.

Verlyn alipofika alivuta mpira wa maji mwenyewe, akamwagia majivu mpaka tangi likaisha.

Gari lilichukua dakika thelathini na nne. Tulitoa ng'ombe kumi na saba. Thelathini na watano waliungua kwenye minyororo yao. Nyasi za majira yote ya baridi ziliteketea, marobota elfu mbili. Hospitali ilimkata Arlys vidole viwili, na kidole gumba hakikunjiki tena. Mwezi wa Septemba aliwauza wale kumi na saba.