Si Haba ya Verlyn

Mume wangu Verlyn ana jibu moja tu, na amelitumia tangu nimjue. Ghala letu la kwanza lilipoungua mwaka ule wa ukame, watu walikuja mbio wakamuuliza, "Vipi, Verlyn?" Akautazama moto, akasema, "Si haba." Nilipomzaa binti yetu Karin, baada ya saa ishirini na mbili za uchungu, muuguzi alimpa Verlyn mtoto mikononi na kumwambia, "Umeona alivyo mzuri?" Akasema, "Si haba." Alichosema siku ya harusi yetu sitaki hata kukitaja.

Wala simsemi yeye peke yake. Hapa Nordlund, magharibi mwa Minnesota, sote tuko hivyo, Walutheri wa asili ya Norwei tangu enzi za babu zetu. Mtu kavunjika mguu, si haba. Mvua ya mawe imelaza mahindi yote, aa, ingeweza kuwa mbaya zaidi. Kwetu kulalamika ni sawa na kuvua nguo mbele za watu. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, ila huu ulimi wangu nadhani mama aliuokota kwingine.

Sasa, tuna mbwa. Anaitwa Lefse, jina la ile chapati ya viazi tunayopika Krismasi, kwa sababu ni mweupe mwenye mabaka ya kahawia kana kwamba ametoka kikaangoni. Ana miaka mitano, mwili tele, na ni mwizi wa siagi. Mbele za watu Verlyn humwita "mbwa wa Ardis." Ardis ndiye mimi. Lakini asubuhi nikiingia ghalani nawakuta wamekaa bega kwa bega wakila biskuti moja, huyu anauma huku, yule kule. Akiniona anajifuta mdomo upesi upesi.

Ilianza mwezi wa pili, Jumamosi moja, mchana kweupe. Nilikuwa nakanda unga, nikasikia kishindo. Nageuka, Lefse yuko chini, shingo imekakamaa, miguu inapiga kasia hewani, povu mdomoni, mkojo sakafuni. Nilipiga yowe la kuamsha wafu. Verlyn akaingia na buti zake za matope, akapiga magoti. Dakika moja na nusu hivi, kisha mbwa akainuka, akajigonga kwenye friji, akatutazama kama watu asiowajua, halafu akaenda moja kwa moja kwenye bakuli lake la chakula. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nalia. Yeye anatafuna.

Tukampeleka kwa daktari mpya wa mifugo, Yesenia Cantú, binti wa kusini kabisa mwa Texas, anayeongea kwa mikono yote miwili. Akapima damu, akammulika macho, akatutuma mjini mbwa apigwe picha ya kichwa. Kila kitu safi. Ndipo akatutajia jina la ugonjwa, refu, la Kigiriki.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Ni kifafa, mama, na chanzo chake hatukijui."

"Yaani hilo neno lote maana yake hamjui?"

"Ndiyo." Akacheka. "Lakini tunalisema vizuri, si ndiyo?"

Nikampenda papo hapo. Akatupa vidonge vya asubuhi na jioni, pamoja na masharti: akianguka sogezeni viti, msimtie mkono mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hiyo ni hatari ya kifo. Na kila baada ya wiki mbili atapiga simu. "Dozi hii ni ya kuanzia tu," akasema. "Nitaipandisha au nitaiacha kutegemea mtakachoniambia. Ninyi ndio macho yangu."

Macho yake! Maskini, hakuwa amekaa nasi hata mwaka.

Nordlund nzima ikageuka madaktari. Jirani yangu LaVonne alikuja na keki na jibu kamili. "Ni ile mitambo ya umeme wa upepo, mwenzangu. Inamzungusha akili."

"Mbona ng'ombe wako wako chini yake na hawaanguki?"

"Ng'ombe haangalii juu, Ardis."

Wiki iliyofuata akasema ni maikrowevu. Iliyofuata tena, ni mpira wa magongo kwenye televisheni, wanapigana mno. Nilimwambia keki zake zinatosha, maelezo abaki nayo.

Lakini Lefse aliendelea kuanguka. Machi, Aprili. Kila akianguka nilipiga magoti nikihesabu sekunde kwa sauti, na kila akiinuka nilihisi nimezeeka mwaka. Mimi ni mpishi wa shule, na simu za daktari zilikuja mchana nikiwa kazini, kwa hiyo alipokea Verlyn.

"Umemwambia daktari?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Tuendelee vilevile."

Nikailaumu dawa. Nikamlaumu na yule binti, Mungu anisamehe, nikamwambia LaVonne kwamba kumbe ni mikono tu, hamna kitu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Lefse aliamka akaanguka. Akainuka, hata maji hajanywa, akaanguka tena. Mara ya tatu hakuacha. Nilitazama saa ya ukutani: dakika mbili, tatu, nne. Ulimi wake ulianza kubadilika rangi. "Piga simu!" nikapaza sauti, na Verlyn akaishika simu, akasafisha koo, akasema hivi, nakuapia:

"Habari za asubuhi, daktari. Samahani kukusumbua Jumamosi. Aa, si haba, si haba. Ila mbwa naona hayuko sawa kidogo. Jumatatu? Jumatatu ni sawa tu."

Jumatatu! Niliruka kutoka sakafuni nikampokonya simu, karibu nimng'oe na sikio.

"Ni mbaya!" nikapiga kelele. "Daktari, ni mbaya, ni mbaya sana! Ameanguka mara tatu asubuhi hii, hii ya tatu haijaisha, na tuko dakika ya sita!"

"Mleteni sasa hivi! Nakuja kufungua mlango!"

Tukambeba kwa blanketi hadi kwenye pikapu, nikampakata. Sasa lazima ujue, huku ukipishana na gari njiani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu. Verlyn hajawahi kumnyima mtu kidole, hata yule aliyemshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba. Siku ile tulipishana na magari manne na hakuinua hata kimoja.

Daktari alimchoma sindano, kisha ya pili, na hatimaye miguu ikatulia. Akalala kama gunia. Daktari akajifuta jasho, akafungua faili.

"Mbona sielewi. Nina simu nne hapa. Si haba, si haba, si haba, 'si haba kwa kweli.' Mzee Haugland, ameanguka mara ngapi tangu Februari?"

Verlyn alitazama kofia yake. "Kumi na moja. Kabla ya leo."

Mimi nilijua saba. Nne zilitokea ghalani, akazimeza peke yake.

"Kumi na moja!" Mikono ya daktari ikaruka hewani. "Na uliniambia si haba?"

"Ingeweza kuwa kumi na mbili," akasema Verlyn taratibu.

Daktari alinigeukia kuona kama ni utani. Hakufoka, alikaa chini, akatuambia polepole. Dozi ilikuwa ndogo mno, na yeye aliiacha hivyo kwa sababu aliamini mbwa anapata nafuu. Sasa ubongo umechoka. Akiamka na kututambua, kuna matumaini. Asipoamka kufikia jioni, itabidi tuzungumze jambo lingine.

Tukakaa. Nilikuwa na hasira, sikufichi, niliyapanga maneno ya kumwambia Verlyn njiani na yalikuwa mengi. Lakini nilipomtazama, alikuwa anakunja kofia, anakunjua, anakunja. Daktari akaliona pia. Akachuchumaa mbele yake.

"Na wewe, mzee? Hali yako?"

"Si..." akaanza Verlyn. Neno likamkwama. "Mbaya," akasema mwishowe. "Ni mbaya, daktari. Mimi huwa... asubuhi huwa tunakula biskuti." Na mume wangu, miaka arobaini na moja ya ndoa, akalia mbele ya mtu wa Texas.

Maneno yangu yote niliyapoteza. Nilimshika mkono tu.

Saa kumi alasiri tukasikia mkia ukigonga sakafu, mara moja, kisha mara mbili. Lefse aliinuka akayumba, akajigonga kwenye mguu wa meza, akamnusa Verlyn kuanzia buti hadi mfukoni, akaingiza pua mfukoni. Mlikuwa na nusu ya biskuti.

"Unamwonaje?" daktari akauliza.

"Si ha..."

Nilimkanyaga mguu.

"Vizuri sana," akasema Verlyn. "Namwona vizuri sana."

Dozi ikapandishwa, ikaongezwa dawa ya pili, na daktari akatuandikia karatasi ya kubandika kwenye friji yenye nafasi za tarakimu tu, maneno marufuku. Bado huanguka, mara moja katika wiki sita hivi, na bado hakuna anayejua kwa nini. LaVonne sasa anashuku sabuni ya nguo.

Jumapili mbili baada ya siku ile tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kunywa kahawa kama kawaida. Orville Stensrud, aliyemzika mkewe Delores mwezi wa kumi, akamsogelea Verlyn na kikombe chake. Majira yote ya baridi tulimuuliza Orville hali kila Jumapili, akatujibu si haba, nasi tukaenda zetu.

"Vipi, Verlyn? Nasikia mbwa aliugua."

"Vibaya," akasema Verlyn. LaVonne alibaki na biskuti katikati ya safari ya kwenda mdomoni. "Niliogopa sana, Orville. Nililia."

Nilidhani Orville ataondoka na kikombe chake mkononi. Badala yake akakiweka mezani.

"Nyumbani kwangu ni kubaya," akasema. "Kubaya kweli. Bado napika kahawa ya watu wawili."

Verlyn akamvutia kiti. Nami nikalivua koti langu nililokuwa nimeshalivaa ili tuondoke, nikaenda kujaza birika.