Miaka Ishirini na Sita Bila Kuonja

Hapana, hakuonja. Hata tone. Ndiyo hiyo ninakwambia, miaka ishirini na sita Haron alipika katika ile nyumba ya mtaa wa Karen, na hakuna siku aliweka mwiko mdomoni kujua kama chumvi imekolea. Watu wa kwao Mutuini walikuwa wanamcheka. Walisema mpishi wa namna hiyo ni kama fundi wa nguo asiye na futi. Lakini desturi ya nyumba ilikuwa hiyo. Wenyewe ni Wahindi, watu wa maombi, na kwao chakula kinapelekwa kwa Mungu kwanza, kwa sinia, kwa kile chumba kidogo karibu na ngazi. Ukishaonja, hayo ni makombo, na Mungu hapewi makombo.

Sasa alijuaje chumvi? Ngoja, tutafika.

Mwenye nyumba alikuwa mzee Navin, mtu wa duka la vitambaa pale mtaa wa Biashara, katikati ya mji. Mzee alikufa asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Moyo. Akabaki mama Kanchan, bibi yake, na kijana wao Akash, na Deepa bibi ya Akash, na kasichana kao Vidhi, ka darasa la pili, kanakopenda kuuliza maswali hata kwa usingizi.

Huyo mama Kanchan ndiye alikuwa mwenye chumba cha maombi. Kila siku kabla ya chakula cha mchana anaingia, anawasha taa ya samli mbele ya sanamu ya mungu wao, Krishna mdogo wa shaba, anakaa chini, anafunga macho. Alimwambia Haron siku moja kwamba akikaa hivyo kuna kitu ndani yake kinatulia, halafu ni kama mtu amekuja akakaa karibu naye. Haongei, amekaa tu. Haron ni mtu wa kanisa, lakini hiyo maneno alielewa vizuri, kwa sababu mamake mzazi alikuwa anasema hivyo hivyo juu ya kupalilia viazi.

Basi Navin alipozikwa, hapana, hao hawaziki, wanachoma, Navin alipochomwa, yule mtu wa kukaa karibu naye pia akapotea. Mama akifunga macho ni giza tu, na sauti ya friji. Alikuwa anakaa robo saa, akaongeza ikawa nusu, ikawa saa nzima. Na unajua, hakuna mtu anakula kama yeye hajatoka. Jumapili, siku ya wote kuwa nyumbani, chakula cha saa saba kikawa cha saa nane, kikawa cha saa tisa na nusu. Akash anazunguka meza kama mlinzi. Deepa alikuwa anaficha biskuti nyuma ya sabuni ya kufulia, na Haron alikuwa anajua, kwa sababu zikipungua ni yeye alikuwa anaongeza.

Mama akaenda kutafuta usaidizi. Kuna kijana anaitwa Yash, anafundisha watu kukaa kimya na kuangalia pumzi yao, huko mtaa wa Biashara juu kabisa, gorofa ya nne. Haron alimsindikiza siku moja kumbebea mto, maana magoti yake mama si mazuri. Yash akamwambia Haron naye akae, akaribie, Mungu hana mlango wa nyuma. Wakafunga macho wote, watu kumi na wawili. Haujaisha muda, Haron akafungua macho akasema pole sana mwalimu, lakini hoteli ya chini inaunguza maharagwe. Watu wakacheka. Mmoja akashuka kuangalia, na kweli, mwenye hoteli alikuwa amesahau sufuria. Yash hakucheka. Alimwangalia Haron muda mrefu, akamuuliza anafanya kazi gani.

Lakini mama alirudi nyumbani vile alienda. Na mwaka mmoja wa kifo cha Navin ulipokaribia, akawaambia wote mezani, bila kulia, kwamba ataketi siku hiyo ya mwaka, Jumapili, mara ya mwisho. Kama hakuna kitu, anafunga chumba. Krishna atapelekwa hekaluni kwa watu wanaoweza kumsikia. Akash akasema sawa Mummy, haraka haraka, kama mtu anataka kitu kiishe. Haron alikuwa amesimama na sahani mkononi, na usiku huo hakumwambia Nyokabi, bibi yake, kwa nini hakula.

Jumapili ikafika. Haron alipika kile Navin alipenda: wali, viazi vya haradali, na ule mchuzi wa mala, yale maziwa ya kuganda, na unga wa dengu. Huo mchuzi ni mtoto mdogo. Unakoroga bila kuacha mpaka uchemke mara ya kwanza. Ukiuacha kidogo unakatika, maziwa huku, maji kule. Anakoroga, lakini mawazo yako kwa ule mlango karibu na ngazi. Anaona chumba kikiwa stoo, na baiskeli ya Vidhi ndani. Mawazo yaliporudi kwa sufuria hakujua kama ameweka chumvi au bado. Na mkono wake, hata sijui nikwambieje, mkono wake ukachukua mwiko ukaupeleka mdomoni.

Akasimama hapo. Chumvi ilikuwa sawa kabisa.

Hakuna mtu alikuwa ameona. Angeweza kupakua tu, akanyamaza. Alifuta mikono kwa apron, akavua viatu, akaenda akagonga ule mlango ambao hajawahi kugonga.

Mama akafungua, macho mekundu, taa inawaka nyuma yake. Haron akamwambia amekosea, ameonja.

"Nani ameona?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

Haron alifikiria vizuri, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Wewe umekaa hapa unamtafuta," akasema, "na mimi huko nje nampikia makombo. Si vizuri."

Mama akauliza kilichomshinda leo ni nini, baada ya miaka yote hiyo. Haron akasema ukweli, kwamba alikuwa anawaza habari ya chumba. "Nilitoka kwa sufuria, Mama. Mwili ulikuwa hapo, mimi sikuwa hapo. Nisipokuwa hapo sijui chumvi."

"Siku zingine zote uko hapo?"

"Lazima. Bila mdomo utajuaje? Unakuwa hapo tu."

Akash alishatoa simu aagize chakula mjini. Mama akamwambia aweke hiyo simu mfukoni. Ile sufuria ya kwanza ikapelekewa walinzi wa jirani, na walikula vizuri siku hiyo. Mama akafunga ncha ya sari kiunoni akaingia jikoni, mahali hajasimama mbele ya moto tangu Navin aende.

Haron akapiga mala na unga upya, akampa mwiko, yeye akashika viazi. Mama akaanza kukoroga, na kuongea. Anaongea habari ya Yash, habari ya pumzi, vile Navin alikuwa anamwaga mchuzi kwa shati. Haron akamwambia, kwa heshima kabisa, "Mama, nyamaza kidogo. Huu mchuzi unaongea."

Akanyamaza. Kweli, ulikuwa unaongea. Mwanzo ni sauti nyepesi kama manyunyu kwa mabati. Halafu inakuwa nzito, kama mtu anapigapiga blanketi. Haron akamwambia asikilize na pua pia, aone unga mbichi unavyokwenda, polepole, mpaka ubaki utamu. Mama akafunga macho. Mkono haukuacha kuzunguka. Punje za haradali zikaanza kuruka kwa mafuta, pa, pa, na hakushtuka.

Haron akaangalia uso wake, halafu akaangalia viazi, kwa sababu kuna nyuso si za kuangaliwa sana. Hiyo uso alikuwa hajaiona mwaka mzima.

Wakakaa hivyo. Sufuria ikapanda, ikachemka, haikukatika.

"Amekaa," mama akasema, pole pole.

Haron hakuuliza ni nani. Alipunguza moto.

Sinia ikajazwa. Kwa korido Vidhi alikuwa anangoja, akauliza, "Ba," ndivyo wanaita nyanya, "huyu Krishna unampeleka hekaluni leo ama kesho?"

"Apelekwe wapi," mama akasema, "na hajakula?"

Akaingia, kengele ikalia, akatoka. Dakika mbili. Deepa alikuwa ndiyo anaanza kuelekea upande wa sabuni.

Haron akarudi kwa kigoda chake cha jikoni, mahali pake pa kulia. Mama akamwita. Akasema aliyepika mara mbili akae mezani mara moja. Hapakuwa na nafasi, isipokuwa kile kiti cha Navin ambacho hakuna mtu alikuwa amekigusa. Mama akakivuta akakikalia mwenyewe, akampa Haron kiti chake yeye.

Akash akaweka tonge la kwanza mdomoni, akaacha kutafuna. Haron akaonja, mara yake ya pili siku hiyo, akamwangalia mama. Mama akamwangalia. Kumbe kila mmoja wao alikuwa ameweka chumvi bila kumwambia mwenzake.

"Ba, hii ni bahari," Vidhi akasema.

"Mungu amekula kwanza," mama akasema, "na hakusema kitu," na akacheka mpaka akashika meza, na Akash naye akaanza. Deepa akaleta mala baridi ya kupunguza chumvi, akawamiminia wote, wa mwisho Haron, akavuta kiti, naye akakaa.